Kanda ya Nne: Yupo

Mimi ndiye ninayeandika kumbukumbu.
Miaka kumi na sita sasa: wajumbe tisa,
mabirika mawili ya kahawa,
na ramani ukutani yenye rangi nne.
Kusini samawati, pwani kijani, magharibi manjano,
kaskazini nyekundu, kubwa kuliko hizo tatu zikiunganishwa,
nyumba zake chache
kama vifungo vilivyobaki kwenye koti kuukuu.

Sheria inasema kila kanda iwe na kiti.
Kiti kipo. Nimekifuta vumbi mwenyewe.
Hukikalia Bwana Prescott Lunt,
mwenye nyumba ya mbao kando ya ziwa kule juu,
wiki nne za Julai, na boti, na anwani.
Anwani ndiyo iliyoteuliwa.
Ni mtu mwema. Kila Krismasi huniletea jamu
ya matunda ya porini, kifuniko kimefungwa utepe.

Jana akaingia Lucette Daigle,
saa tano barabarani, theluji ya Aprili bado kwenye buti,
na chupa ya jamu isiyo na jamu.
Dakika tatu, Mwenyekiti akamwambia.
Taa ikiwa nyekundu, unanyamaza.

Hakuwa na karatasi.
Kifaransa cha bondeni kwao kiliburura kila neno lake
kama mnyororo nyuma ya trekta.
"Mnataka kufungua uwindaji wa musi
wiki ile ile tunayovuna viazi.
Wiki hiyo hata shule hufungwa!
Mwanangu wa miaka kumi na mbili yuko shambani,
Rosaire yuko kwenye mashine anatenga mawe,
mimi ninaendesha lori.
Atawinda nani? Mwenye likizo.
Sisi tutasikia risasi tukiwa tumeinama."

Kisha akainua chupa.
"Huyu nilimkuta nyuma ya ghala, ndama,
amejikuna kwenye miti hadi manyoya yamekwisha,
mweupe, utadhani mzimu.
Alisimama akinitazama. Akalala. Basi.
Nikaanza kuchuma kupe, sikio moja tu.
Elfu moja mia tisa na kumi na nne,
ndipo vidole vikaganda."

Akaiweka mezani.
Walikuwa wa kijivu, wamevimba kama kunde zilizolowekwa.
Mjumbe wa pwani akasogeza kikombe chake.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Nilivitazama vile viti tisa vya ngozi
nikatafuta mgongo hata mmoja wenye alama ya kuumwa.

Taa nyekundu. "Ahsante kwa maoni."
Kura: tisa kwa sifuri.
Mkono wa Bwana Lunt ulipanda wa mwisho,
nusu tu, kama wa mwanafunzi asiye na hakika ya jibu.
Kabla ya hapo aliitazama ramani. Niliona.
Hilo halina safu yake kwenye fomu.

Sasa ni usiku, najaza mahudhurio.
Kanda ya Nne: yupo.
Si uongo. Alikuwepo, alikunywa kahawa, alikohoa.
Lakini neno hili lina ndugu zake, na leo hawapatani.
Kaskazini iko, nani atabisha,
iko huko, saa tano kwa gari.
Kaskazini ipo, hapo ukutani, nyekundu.
Ila humu,
humu tulimofunga mlango tukahesabu mikono,
haimo.

Mwenyekiti hupenda mstari mmoja:
Mwananchi alitoa maoni.
Nimeandika hesabu yake yote, tarakimu kwa tarakimu.
Akiifuta, aifute kwa kalamu yake.

Na chupa? Hakuna aliyeichukua.
Kanuni zataka kielelezo kitunzwe miaka saba,
nami nimekibandika lebo, nikakiweka rafuni
kando ya jamu ya Bwana Lunt.
Chumba kina joto.
Mmoja ameanza kutembea kwenye kioo.